Jimbo Lililoishiwa Ijumaa

Kilimbwe walikuwa na kila kitu isipokuwa Ijumaa.

Sukari ilikuwepo. Chumvi ilikuwepo. Umeme ulikuja na kuondoka kama desturi yake. Lakini Alhamisi moja ilifika mwisho, ikamtafuta mwenzake wa kumkabidhi zamu, haikumwona, na kwa kuwa siku haina ruhusa ya kuacha lindo wazi, ikaanza upya. Mara ya kwanza watu walicheka. Mara ya pili waliulizana. Ilipofika mara ya themanini na kitu hakuna aliyeuliza tena. Walioahidiwa mshahara Ijumaa bado walikuwa wanaahidiwa, waliokopa mpaka Ijumaa walitembea kifua mbele, na mwalimu mkuu alifundisha somo lilelile la Alhamisi mpaka watoto wakawa wanamsahihisha yeye.

Katika nchi ile mafuta hayakuendesha magari tu, yaliendesha na wakati. Kila lita iliyopita kwenye pampu ya sheli ilitoa dakika kumi. Sita zilikuwa za mnunuzi. Anaondoka nazo, anazitumia anavyotaka: achemshe chai, agombane na jirani, akate kucha. Nne zilikatwa palepale pampuni, zikapelekwa Kitovu, na Kitovu ndiko zilikopikwa siku. Maana siku, jamani, haitoki kwenye dakika za mtu mmoja. Unaweza ukawa na dakika laki moja mfukoni na ukashindwa kutengeneza Ijumaa hata moja. Utapata saa nyingi za peke yako, utakaa nazo, utazichoka. Ijumaa ni mpaka muwe nayo wote: mwadhini awe nayo, muuza vitumbua awe nayo, mdaiwa na mdai wawe nayo ileile. Mwenye Ijumaa peke yake hana Ijumaa, ana homa.

Zikishapikwa, siku zilimwagwa kwenye Sinia. Wajumbe wa majimbo saba walikaa kulizunguka, kila mmoja akala upande wake, na alichokula mjumbe kilitokea kwao: ukimeza Jumanne, jimbo lako linaamka Jumanne. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Huenda nchi zote ziko hivyo, ila nyingine zinaona aibu kusema.

Sasa Mwasiti.

Mwasiti alikuwa mpimaji kwenye sheli ya Kilimbwe. Kazi yake ilikuwa kushika ufito mrefu wenye alama, kuuchovya kwenye tangi la chini ya ardhi, kuutoa na kusoma mafuta yamefika wapi. Miaka ishirini na sita anachovya. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili, mjane, mnene wa kutosha, na alikuwa anaolewa. Ijumaa.

"Shoga, mimi mchele nimeuosha Alhamisi hii, nimeuosha Alhamisi ile, na ile nyingine," alimwambia Havijawa, rafiki yake, aliyekuwa mpishi mkuu wa harusi. "Utakwisha kwa kuoshwa. Na mbuzi yule tumeshazoeana. Ananijua jina. Mimi simchinji tena, utafute mtu."

"Mbuzi gani anajua jina la mtu?"

"Wewe ongea tu. Kakae naye Alhamisi themanini uone."

Mwasiti alicheka mpaka akaegemea pampu, kisha akaacha kucheka, maana siku hiyohiyo asubuhi alikuwa ametoka mpakani.

Pale mpakani pana kizuizi cha chuma, rangi nyekundu na nyeupe, kisichopitisha mtu tangu siku za pande mbili ziachane. Upande huu Kilimbwe, Alhamisi. Upande wa pili jimbo la Bandarini, na huko kulikuwa Jumatatu ya mbali kabisa, Jumatatu iliyozitangulia Alhamisi za Kilimbwe kwa miezi mitatu. Ukikaza macho unaiona: jua lake lina rangi nyingine, na watu wake wana haraka. Bwana Kitwana, mchumba wake, karani wa mizani wa kule, alisimama ng'ambo ya chuma ameshika kofia mkononi.

"Mwasiti, Ijumaa kumi na tatu zimepita," alisema. "Kumi na tatu! Kila Ijumaa nanyoa, navaa, nakaa. Dada zangu wanasema bibi harusi kaingia mitini."

"Niingie mitini niende wapi, Kitwana? Nimekaa palepale uliponiacha, Alhamisi ileile. Nguo ileile, angalia."

"Mimi najua. Wao hawajui. Wanasema ya kumi na nne ikipita hujaja, wananiozesha mtalaka wa Mzee Fumbwe."

"Yule mwenye sauti?"

"Huyohuyo mwenye sauti."

"Na wewe umesemaje?"

Bwana Kitwana aliigeuza kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu limeshonwa kwenye bitana. "Nimesema Ijumaa ni baada ya siku nne."

Ndiyo maana Mwasiti aliacha kucheka. Aliuchukua ufito wake akaupangusa mafuta kwa khanga kuukuu.

*

Mambo aliyojiambia njiani, juu ya lori la mafuta lililokuwa linarudi tupu Kitovu, wakati barabara ikijikunja chini yake kama jamvi linalokusanywa:

Pampu inakata dakika nne. Ilikata nne mwaka juzi, imekata nne jana, na jana ni leo. Nimesoma mwenyewe.

Magari hayajapungua. Pikipiki zimeongezeka mpaka kero.

Basi kinachotoka kwetu ni kilekile. Kinachorudi ndicho kimekonda. Kitu hakikondi hewani. Tangi likipungua na hujauza, tafuta tundu.

Mimi ni nani? Mimi ni mtu wa jana. Hapana. Mtu wa jana ana kesho, ndiyo hii leo. Mimi sina hata hiyo. Labda mtu ni foleni tu ya siku zake, na mimi foleni yangu imezibwa mbele. Aliyeziba ana sura gani? Ana mke? Anajua nina harusi?

Nikimwona nitamsalimia vizuri. Nimelelewa.

*

Kitovu ni mji usio na pembe. Kila mtaa unazunguka na kukurudisha ulipotoka, ila umeongezeka kaunta. Kila kaunta Mwasiti aliulizwa yeye ni mjumbe wa nani, na kila kaunta alijibu, "Wa Kilimbwe." Mjumbe halali alikuwa amebaki nyumbani kwake akisubiri barua ya mwaliko iliyoandikwa ifike Ijumaa. Hakuna aliyemkatalia Mwasiti. Alikuwa na ufito mrefu, na pale Kitovu mtu mwenye kitu kirefu mkononi hudhaniwa ana cheo.

Ukumbi wa Sinia ulikuwa mweupe, na saa ya ukutani ilionyesha saa nne asubuhi. Sinia lenyewe lilikuwa kubwa kuliko uwanja wa nyumba ya Mwasiti. Wajumbe sita walishakaa mkekani. Katikati, juu ya kigoda, alikaa Mheshimiwa Ponsiano, Msimamizi wa Sinia, mtu msafi mno, mwenye kalamu tatu mfukoni. Nyuma yake ulisimama Mtungi. Ulikuwa mrefu hadi darini, tumbo lake limejaa, mdomo wake umefungwa kwa kitambaa.

Na kwenye Sinia? Mwasiti alichungulia. Siku zilikuwa zimetandazwa nyembamba kama wali wa wageni wasiotarajiwa. Upande wa Bandarini zilifika unene wa kidole. Upande wa Kilimbwe chuma kilikuwa kinaonekana.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema Mwasiti.

"Marahaba, mama. Karibu. Kilimbwe, eh? Nyie watu wazuri sana. Hamna makuu." Mheshimiwa alifungua daftari. "Miaka yote mnaandikwa hapa: wameshiba."

"Wameshiba?"

"Mjumbe wenu kila akila anaacha kitu upande wake. Sisi tunaandika, Kilimbwe wameshiba. Mwaka unaofuata tunawapunguzia kidogo ili kisipotee. Akaacha tena. Tukapunguza tena. Sasa, kusema kweli, mmeshiba kabisa."

Mwasiti alisikia masikio yanapata moto. Kwao Kilimbwe, mtu anayekula kwa watu akamaliza mpaka chini anaonekana hakufunzwa. Unabakiza matonge mawili matatu, unasema alhamdulillahi, unasogea nyuma. Mama yake alimfinya mapaja miaka kumi mpaka akalijua hilo. Kumbe jimbo zima lilikuwa linabakiza Ijumaa zake mezani kwa watu, kwa adabu!

"Mheshimiwa, yule anaacha kwa heshima. Si kwamba ameshiba. Anarudi kwao na njaa yake amenyamaza."

"Daftari halina safu ya heshima, mama."

Upande wa kulia, Bwana Chande, mjumbe wa Bandarini, mwanamume wa miraba minne mwenye saa ya mkononi iliyong'aa, alicheka kwa pua. "Mama, usitucheleweshe. Kwetu kuna meli tatu nje zinasubiri Jumanne. Nawa, tule."

"Nakuja, baba, nakuja. Niulize moja tu." Mwasiti alielekeza ncha ya ufito kwenye Mtungi. "Kile nini?"

"Kile ni Mtungi," alisema Mheshimiwa.

"Naona ni mtungi. Ndani?"

"Ndani mna tozo. Dakika zinazokuja Kitovu ni za aina mbili. Zinazoitwa kodi zinamwagwa kwenye Sinia, ni za wote. Zinazoitwa tozo zinaingia kwenye Mtungi, ni za Kitovu peke yake. Kwa ajili ya dharura."

"Kwenye zile nne, kodi ngapi na tozo ngapi?"

"Zamani kodi tatu, tozo moja."

"Na sasa?"

Mheshimiwa alikohoa kikohozi kidogo, kisafi. "Sasa kodi nusu."

"Kwa hiyo tozo tatu na nusu."

"Hesabu yako nzuri."

"Na nani anaamua hii ni kodi na hii ni tozo? Maana mimi nikichovya pampuni naona mafuta tu. Hayana maandishi."

"Anayeandika."

"Anayeandika nani?"

"Mimi," alisema Mheshimiwa, na alisema kwa unyenyekevu kabisa, kama mtu anayekubali kuwa anaimba vizuri.

Basi hapo ndipo birika na beseni vilipoanza kuzunguka. Mtumishi alimimina, wajumbe wakanawa mmoja baada ya mwingine, wakainua mikono yenye maji wakisubiri. Maana ile ndiyo ilikuwa sheria kongwe kuliko zote, kongwe kuliko daftari: mkono hauingii kwenye Sinia mpaka mikono yote iwe imenawa. Birika likafika kwa Mwasiti.

Mwasiti aliiweka mikono yake mapajani.

"Nawa, mama."

"Sinawi."

"Unasemaje?"

"Nasema sinawi. Mpaka kile kilichomo kwenye Mtungi kimwagwe hapa tukione."

 Mshale wa saa ya ukutani ulinyanyuka kwenda mbele, ukasita, ukarudi. Saa nne. Ukajaribu tena. Saa nne. Nje, muuza magazeti aliyekuwa akitaja kichwa cha habari alirudia neno lilelile mara tisa kisha akakaa chini. Hakuna aliyekula, kwa hiyo hakuna siku iliyokwenda popote: Kilimbwe, Bandarini, Kitovu kwenyewe, nchi nzima ilisimama imeinua mguu mmoja.

Mheshimiwa Ponsiano alikuwa mtu mwenye akili. Aliinuka, akafungua kitambaa cha Mtungi kidogo sana, akapenyeza mkono, akatoa Ijumaa moja. Aliileta imekunjwa vizuri, mpya, bado ina harufu ya asubuhi. Akainama sikioni kwa Mwasiti.

"Nimeambiwa una harusi, mama. Hii yako. Ichukue, hakuna daftari. Nenda kaolewe. Ila nawa kwanza."

Mtu asikwambie kwamba Mwasiti hakutamani. Aliitamani Ijumaa ile kama unavyotamani maji baada ya daku uliyolala ikakupita. Iliweza kuenea kifuani kwake. Aliona ndani yake mkeka, ubani, Bwana Kitwana amenyoa kwa mara ya kumi na nne, na mikono yake yenye chaki ya mizani. Siku nne tu alizobakiwa nazo. Akainyoosha mikono, na mikono ikafika karibu kabisa.

Halafu akajiuliza atamwalika nani.

"Mheshimiwa," alisema, na sasa alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "nikiondoka na hii, mimi nitakuwa Ijumaa. Kadhi wangu yuko Alhamisi. Havijawa yuko Alhamisi na mchele wake. Mashahidi Alhamisi. Bwana harusi yuko Jumatatu kwa huyu bwana hapa. Nitaolewa na ukuta? Siku ya mtu mmoja hii, kaka yangu. Mpe mgonjwa."

Akaikunjua Ijumaa ile mbele ya wote, akaitandaza upande wa Bandarini kwanza, halafu upande wa jirani yake, ionekane vizuri. Wajumbe waliinama kuinusa. Ilikuwa nene. Hawakuwa wameona siku nene kiasi kile tangu utoto.

"Hii imetoka wapi?" aliuliza Bwana Chande.

"Mtungini," alisema Mwasiti. "Ziko nyingi. Sikia tumbo lile."

Mheshimiwa aliichukua haraka akairudisha, akasema kikao kitasubiri. Nao wakasubiri. Na hapa ndipo Kitovu kilipofanya kosa lake, kosa la watu ambao hawajawahi kuishiwa. Walidhani atachoka yeye kwanza. Huyu ambaye alikuwa na Alhamisi themanini na kitu mwilini! Mwasiti alivua viatu, akavipanga, akatoa ukili kwenye mkoba akaanza kusuka. Alijua vizuri namna ya kukaa ndani ya saa isiyosogea. Wenzake hawakujua. Bwana Chande aliitikisa saa yake, akaiweka sikioni, akaitikisa tena. Mheshimiwa alianza mwayo ambao ulikataa kuisha. Chai haikupoa. Jasho lililotoka halikukauka. Mmoja alilia, chozi likafika katikati ya shavu likabaki pale.

"Mama," alisema Bwana Chande, "nyie mnakaaje hivi?"

"Kwanza usitazame saa. Ukiitazama inakuonea."

"Miezi mitatu?"

"Alhamisi themanini na kitu. Mbuzi wameanza kutujua majina."

"Basi hata hicho kidole chetu..." Bwana Chande aliutazama upande wake wa Sinia, ule unene wa kidole aliokuwa akiringia, kisha akautazama Mtungi. "Sisi wenyewe tulikuwa tunakula unene wa kiganja. Mwaka baada ya mwaka tunaambiwa tushukuru, tuangalie Kilimbwe. Nami nilikuwa nikiwaangalia nyie nashiba."  Kisha yule bwana mkubwa akaishusha mikono yake iliyonawa, akaifuta kwenye mkeka wenye vumbi, mbele na nyuma, polepole, kila mtu aone. "Na mimi sijanawa."

Mjumbe wa tatu akafuta. Wa nne akaipaka kwenye nyayo za miguu yake kabisa. Ilipofika wa saba, Mheshimiwa Ponsiano alikuwa amebaki peke yake na mikono safi katika nchi nzima, na mwayo mdomoni.

Aliashiria kwa kidole kitambaa kiondolewe.

Mwasiti alipanda ngazi akachovya ufito. Ulizama, ukazama, mpaka mkono wake ukagusa ukingo, na ulipotoka ulikuwa umelowa mpaka alama ya mwisho. "Umejaa," alisema. "Na chini mmeacha zimeoza." Walipouinamisha, zilimwagika siku za miaka: Jumamosi zilizoota ukungu, siku za kliniki ambazo hakuna mtoto aliyechanjwa, Idi nzima haijafunguliwa, Jumatatu za kufungua shule ambazo hazikujengwa. Nyingine zilikuwa haziliki tena. Walizitenga pembeni, wakazitazama, kwa sababu zilikuwa za mtu. Zilizobaki zilijaza Sinia mpaka ukingoni, usawa mmoja pande zote saba.

Wakanawa. Mwasiti alinawa mpaka kwenye viwiko.

Akala. Alikula upande wake wote, akakomba, akapitisha kidole kwenye chuma akakilamba, huku mapaja yakimwasha mahali mama yake alipokuwa akifinya. Hakuacha hata punje. Mheshimiwa alishika kalamu juu ya daftari, akatafuta la kuandika, na kwa mara ya kwanza kwenye safu ya Kilimbwe akaandika: wamekula.

"Sahihi, mama. Na tarehe."

Mwasiti alishika kalamu. Hapo palikuwa na tatizo ambalo hakuna aliyelifikiria. Siku zote zilikuwa zimechanganyika kwenye Sinia moja. Kulikuwa hakuna Alhamisi ya Kilimbwe wala Jumatatu ya Bandarini, na kila mmoja alikuwa amemeza za kila mtu. Ukumbi mzima ulimtazama. Bwana Chande alimtazama. Mheshimiwa, ambaye maisha yake yote ndiye aliyekuwa akiandika, alimtazama.

"Leo lini?" aliuliza Mheshimiwa, na aliuliza kweli.

Mwasiti hakusita. Aliandika kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini yake, akapuliza wino ukauke. Simu yake ikalia kwenye mkoba kabla hajarudisha kalamu.

"Mwasiti!" Ilikuwa sauti ya Bwana Kitwana, na nyuma yake makelele ya mtaa. "Kumetokea nini huko? Hapa Jumatatu imeyeyuka mikononi mwa watu. Kizuizi mpakani kiko juu, watu wa kwenu wanapita, kuna mama kaja na mbuzi anasema mbuzi huyu hachinjwi, yeye ni mgeni mwalikwa. Na wanaume wote wanavaa kanzu wanakwenda msikitini!"

"Basi vaa na wewe," alisema Mwasiti, akaanza kutafuta viatu vyake.